Chayi, Vidonge na Ubongo Wako

Wewe mfanyakazi mwenye diabeti, na wewe mama unayemtilia chayi asubuhi kabla ya kwenda kazini, sikilizeni kwanza.

Kambini wanasema kwamba vidonge vinavyotiwa katika chayi pahali pa sukari vinaharibu akili. Kuna waliovitupa na kurudia sukari, vijiko vitatu kwa kikombe. Hapo mimi nakataa.

Neno hili lina asili yake. Mwaka 2025 wataalamu wa Brazil walitangaza kwamba walifuata watu 12.772 kwa miaka 8 hivi. Wale waliokula sukari za bandia nyingi, kama asipartame na sakarini, nguvu yao ya kufikiri na kukumbuka ilipungua upesi zaidi. Ilionekana kwa wale wasiofika miaka 60, na zaidi kwa wenye diabeti. Lakini angalia vema: ni nani anayenunua vidonge hivyo? Ni mwenye diabeti. Na diabeti isiyotunzwa inaharibu yenyewe mishipa ya damu ya ubongo, macho, figo na miguu. Basi mwizi ni nani, kidonge ao ugonjwa? Uchunguzi wa namna ile hauwezi kumshika.

Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitumie sukari za bandia ili kupunguza unene. Shauri lile halikuwahusu watu ambao wana diabeti tayari. Wanaoeneza habari kambini wanasahau kipande hiki.

Na kama unauogopea ubongo wako kweli, maski yako ya vumbi iko wapi? Mwaka 1837 munganga Couper aliandika juu ya watu waliosaga manganese kule Glasgow: miguu ilikosa nguvu, wakatembea wameinama mbele. Juu ya vumbi lile hakuna tena ubishi, na bado ninaona maski zinaning'inia shingoni.

Kwangu mimi, afazali ulimi uzoee. Punguza kidonge kimoja leo, kingine juma lijalo, mpaka chayi inyweke bila kitu. Mama, katika chupa ya kazini utie maji, si limonadi, hata ile isiyo na sukari. Na usirudie sukari kabla ya kumwona munganga. Mwambie unatumia vidonge vingapi kwa siku.