Kuzinduka si Kukata Tamaa



Apitaye Mtaa wa Kongo, Kariakoo, hakosi kusikia vipaza sauti vikitangaza uzinduzi wa duka au bidhaa mpya. Ni wachache wanaokumbuka kwamba neno hilo lina nasaba na uganga.

Kiswahili kina vitenzi viendavyo viwili viwili, cha pili kikitengua cha kwanza: bandika na bandua, funika na funua. Ndivyo zilivyo zindika na zindua. Kuzindika ni kuweka zindiko, yaani kinga ya kiganga juu ya nyumba au mji. Kuzindua ni kuiondoa. Basi aliyezinduka, kwa asili ya neno, ni mtu aliyefunguliwa. Kwa maana hiyo twasema pia amezinduka aliyeshtuka usingizini, na aliyegundua kuwa alihadaiwa.

Hali anayotoka mtu huyo huitwa ghururi, neno la Kiarabu lenye maana ya hadaa. Limo katika Suratu Aal Imran, aya ya 185, kuhusu starehe za dunia. Na katika mzizi huo huo Shetani ameitwa Al-Gharuur, mdanganyifu.

Mwaka 2009, mpango wa DECI, ambamo watu "walipanda" fedha wakitarajia "kuvuna" zaidi, ulipozuiwa na Serikali, wengi walizinduka kwa uchungu. Leo mitego kama hiyo huja kupitia simu. Aliyenaswa huona haya: baba huchelea kuchekwa na wanawe, mke huogopa kumwambia mumewe kuwa fedha za kikoba hazipo. Akikaa kimya, huweza kumrudia yule yule aliyemhadaa, akitaraji kuokoa kilichopotea.

Hapa lugha yatufunza. Aliyekata tamaa huona milango yote imefungwa, na Suratuz Zumar, aya ya 53, yatukataza kukata tamaa na rehema za Allah. Aliyezinduka, kinyume chake, amekwisha kufunguliwa. Amepoteza fedha, lakini hadaa haimshiki tena.

Basi mwanao au mwenzio akikujia na habari kwamba ametapeliwa, usianze na "si nilikwambia?" Kauli hiyo yaweza kumfunga upya. Msikilize, hesabuni pamoja kilichobaki, kisha mfuatane kwenda kutoa taarifa polisi.

Wabillahi tawfiq.