Majarida Tuliyofungia Nyama Ndiyo Historia Yetu

Nchini Poland, majarida ya mitindo ya maisha yaliyochapishwa enzi ya ukomunisti hayahesabiwi tena kuwa karatasi kuukuu. Yameingia katika kumbi za maonyesho, na wajukuu wa wasomaji wake wa kwanza huenda kuyatazama kwa makini yale yale ambayo sisi huyatazama mafuvu ya kale katika Makumbusho ya Kitaifa jijini Nairobi. Nilipopata habari hizi mara ya kwanza, nilicheka. Kisha nikakumbuka kosa langu mwenyewe, na kicheko kikakatika.

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa mwalimu mchanga katika shule moja ya upili huku Nyamira, nami nikakabidhiwa maktaba. Wakaguzi walikuwa njiani. Niliamriwa kuondoa "takataka" zilizosongamana katika rafu za nyuma, yaani marundo ya majarida ya miaka ya sitini na sabini. Sikupinga. Niliyauza kwa kilo kwa mwenye bucha, nikatia saini, na pesa zikanunua chaki. Kwa majuma kadhaa baadaye, kila nilipofungua nyama nyumbani, nilikutana na uso wa mrembo fulani akinitabasamia huku amelowa damu.

Swali ninalotaka tulitafakari, walimu wenzangu wa Kisii na Nyamira pamoja na wanafunzi wenu, ni hili: tulichofungia nyama kilikuwa nini hasa?

Tuanze na hao watu wa Poland. Mnamo mwaka 1945, Marian Eile alianzisha katika mji wa Kraków jarida la kila juma liitwalo Przekrój. Baadaye chama kimoja kilishika hatamu zote za utawala, wadhibiti wa serikali wakawa wanachuja yanayochapishwa, na madukani bidhaa zilikuwa adimu. Hata hivyo, jarida hilo liliwapa wasomaji ucheshi, michoro, adabu za kuishi na watu, na mavazi. Mwandishi wake wa mitindo, Barbara Hoff, aliwashauri wasichana waliokosa viatu vya kupendeza wachukue raba za turubai, wazikate sehemu ya juu, kisha wazipake rangi nyeusi. Baadaye, kati ya 1960 na 1973, kulikuwa na jarida la Ty i Ja, yaani Wewe na Mimi, ambalo majalada yake yalisanifiwa na wasanii mahiri kama Roman Cieślewicz. Lilionyesha nyumba na mavazi ambayo wasomaji wengi hawangeweza kuyapata.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Taarifa za chama hutueleza serikali ilitaka watu wawe nini. Jarida la mitindo hutueleza watu wenyewe walitamani kuwa nini. Raba iliyokatwa kwa makasi ni ushahidi wa uhaba wa viatu, na wakati huo huo ni ushahidi wa ukaidi wa msichana aliyekataa kushindwa na uhaba huo. Sijui hotuba ya kisiasa inayoweza kutoa ushahidi wa pande mbili namna hiyo.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya Ulaya pekee. Jirani zetu wa Tanzania, waliokuwa wamechagua njia ya ujamaa, waliona Umoja wa Vijana wa TANU ukitangaza Operesheni Vijana mwaka 1968 ili kuanzia Januari 1969 sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua zisionekane tena jijini Dar es Salaam. Kurasa za barua magazetini zikafurika hoja, hawa wakiunga mkono na wale wakipinga. Kumbe urefu wa sketi nao ulikuwa siasa.

Hapa kwetu, Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la Joe mwaka 1973, nalo likaendelea hadi 1979. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida aliyeyacheka masaibu ya maisha ya mjini, pengine ili asilie. Waandishi waliokuwa wakichipuka siku hizo, kama vile Meja Mwangi na Sam Kahiga, walichapisha hadithi humo. Jarida la Viva nalo liliwahudumia wanawake, si kwa mavazi na mapishi tu, bali hata kwa kuzungumzia uzazi wa mpango na ukeketaji. Katika kaunti zetu mbili, ambako ukeketaji haujakwisha licha ya sheria ya mwaka 2011 kuuharamisha, mwanafunzi anayelisoma jarida hilo atagundua kwamba mjadala huu haukuletwa juzi na wageni wenye magari makubwa. Mama zetu wangaliweza kuusoma walipokuwa wasichana.

Sasa tuyalinganishe majarida hayo na maisha ya vijijini mwetu. Mwaka 1975 barafu iliangamiza mibuni nchini Brazil, bei ya kahawa ikapaa kote duniani mwaka 1976 na 1977, na mkulima wa huku aliyezoea kuhesabu senti akashika noti. Alinunua nini? Alilipa karo, aliezeka bati, au alileta redio nyumbani? Nusu ya jibu imo katika tangazo la jarida lililomwonyesha redio hiyo. Nusu ya pili imo katika stakabadhi ya chama cha ushirika aliyoihifadhi ndani ya Biblia. Ukitundika tangazo peke yake, utawadanganya watoto kwamba babu zao waliishi kama watu wa pichani. Ukitundika stakabadhi peke yake, utawadanganya kwamba babu zao walikuwa mikono ya kuchuma kahawa, majani chai na pareto tu, watu wasio na ndoto.

Kwa sababu hiyo napendekeza kila shule itenge ukuta mmoja. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unawataka wanafunzi wafanye miradi na kuwashirikisha wazazi. Mradi huu hauhitaji hata shilingi ya maabara. Mwanafunzi alete jarida kuukuu, na kando yake alete kitu kingine cha miaka ile ile kutoka nyumbani: stakabadhi, kadi ya kilimo, picha ya arusi, nguo. Amuulize nyanya yake alikitamani nini na alikipata nini, kisha aandike maelezo kwa Ekegusii na Kiswahili. Mwalimu aorodheshe kila kitu kilicholetwa, akipige picha kwa simu, na kukirejesha kwa mwenyewe. Shule za pande zote mbili za Keroka, mji ambao ushuru wake umezozaniwa na kaunti zetu, zingeweza kuanza kwa maonyesho ya pamoja. Enzi ya Joe mpaka huo haukuwapo, kwani wilaya ya Kisii ilikuwa moja.

Kuna watakaosema kwamba nakala za majarida haya zimo Nairobi, kwa kuwa sheria huwataka wachapishaji wawasilishe nakala kwa Msajili. Ni kweli, lakini nakala ya ofisini haina alama ya penseli aliyoitia msichana wa Kebirigo kando ya gauni alilotaka kushonewa. Wengine watasema kwamba majarida hayo yalikuwa ya Kiingereza, na kwamba yalisomwa na wachache. Hilo pia ni kweli, na maonyesho ya haki yaliseme waziwazi. Lakini wasiojua Kiingereza walikuwa na njia yao ya kuyatumia. Waliyabandika kwenye kuta za udongo ili kuzuia vumbi na baridi. Mimi mwenyewe nilizijua herufi kubwa kwa kulala nikiutazama ukuta wa nyumba ya mjomba wangu, kabla sijaingia darasa la kwanza. Kumbe maonyesho si jambo geni kwetu. Tulizaliwa ndani ya ukumbi wake.

Waswahili hutuonya tusitupe mbachao kwa msala upitao. Mimi niliutupa, tena kwa saini yangu, nami sina wa kumlaumu. Wanafunzi wa shule ile wanaotaka kujua vijana wa mwaka 1975 walicheka nini na kutamani nini hawatayapata majibu katika rafu zile, kwa sababu majibu yaliliwa pamoja na mchuzi.

Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwezi Agosti 2017, mwenye bucha wa kijijini kwetu amerudia karatasi. Juzi aliniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, huko shuleni hamna magazeti ya zamani?" Nilimjibu kwamba hakuna. Nawasihi ninyi mlio nayo mumjibu vivyo hivyo.