SAFARI ZA BAISIKELI: Njia za Meriden

Katika kijiji cha Meriden, kilicho baina ya miji ya Birmingham na Coventry huko Uingereza, uko uwanja wa majani, na hapo uwanjani imesimama nguzo ndefu ya mawe iliyochongoka juu. Mgeni aionapo hudhani ya kuwa ni ukumbusho wa vijana wa kijiji hicho waliokufa vitani, maana karibu kila kijiji cha Uingereza kina ukumbusho wa namna hiyo. Lakini nguzo hii si ya kijiji kimoja. Ni ukumbusho wa waendesha baisikeli wa nchi nzima waliopoteza maisha yao katika vita vya 1914 hata 1918. Baadhi ya waendesha baisikeli wa vita hivyo walikuwa askari wa Army Cyclist Corps, kikosi kilichoundwa mwaka 1914, ambao kazi yao ilikuwa kupeleka habari na kupeleleza njia. Nguzo ilifunuliwa na Lord Birkenhead tarehe 21 Mei 1921 mbele ya maelfu ya watu, na waendesha baisikeli wana desturi ya kukusanyika hapo kila mwaka, mwezi wa Mei, kusali na kuwakumbuka wenzao.

Kwa nini Meriden ikachaguliwa? Wenyeji walisema tangu zamani ya kuwa kijiji chao ndicho kitovu cha Uingereza. Mwaka 2002 wapimaji wa ramani wa Ordnance Survey walionyesha ya kuwa kitovu chenyewe kiko katika shamba la Lindley Hall, katika jimbo la Leicestershire. Walakini nguzo haikuhamishwa, wala wageni hawakuacha kuja. Juu ya hayo, Meriden iko jirani na kitovu cha namna nyingine. Ni katika mji wa Coventry ndipo John Kemp Starley alipotengeneza baisikeli ya Rover mwaka 1885, yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Baisikeli ya mkulima wa Nyeri au ya karani wa Kisumu yafuata umbo hilo hilo. Tena msomaji ambaye baba yake alimwachia BSA ya zamani anayo kazi ya mafundi wa Birmingham, maili chache tu kutoka uwanja wa Meriden.

Njia za kuzunguka kijiji hicho ni nyingi, na yafaa kuzitaja mbili.

Ya kwanza ni ya kusini, yenye ardhi ya tambarare kiasi, na urefu wake wapata maili 15 hata 18. Mwendeshaji hutoka uwanjani akaelekea Berkswell, mwendo wa maili mbili na nusu hivi. Hapo atakuta kanisa la kale sana lenye chumba chini ya sakafu, na kisima kikubwa kilichojengewa kwa mawe. Pia ziko mbao walizofungiwa miguu wakosaji wa zamani. Matundu yake ni matano, wala si manne au sita. Wenyeji husimulia ya kuwa mmoja wa wakosaji wa kijiji alikuwa na mguu mmoja tu, naye alikuwa na rafiki wawili wa kunywa pombe. Kutoka Berkswell njia huenda mpaka kinu cha upepo cha Balsall Common, kilichojengwa kwa matofali mwaka 1826. Halafu hupita Temple Balsall, mahali palipokuwa mali ya mashujaa wa Templar katika zama za kati, penye nyumba za wanawake wazee zilizotokana na wasia wa Lady Katherine Leveson, aliyefariki mwaka 1674. Baada ya Barston hufika Hampton-in-Arden, na karibu nayo liko daraja jembamba la mawe juu ya mto Blythe, lililojengwa kwa ajili ya farasi wa mizigo. Kutoka Hampton mpaka Meriden ni maili tatu hivi.

Njia ya pili ni ya kaskazini, nayo yataka miguu yenye nguvu. Huenda Maxstoke, penye magofu ya nyumba ya watawa na ngome iliyozungukwa na maji, ambayo idhini ya kuijenga ilitolewa mwaka 1345. Kisha hupanda kuelekea Fillongley na Corley Moor. Mkulima atakayesimama juu ya kilima hicho atafahamu mara moja kwa nini amechoka, maana yuko juu ya mgongo wa nchi. Upande mmoja maji huteremka mpaka mto Blythe, halafu Trent, yakaishia Bahari ya Kaskazini. Upande wa pili mto Sherbourne hupita Coventry, na maji yake hufika mto Severn na bahari ya magharibi. Kutoka hapo mteremko humrudisha msafiri Meriden, na kazi kubwa ni ya breki.

Yapo mambo ambayo wazoefu huyaangalia kabla ya kutoka. La kwanza ni ramani. Katika ramani za Ordnance Survey njia ndogo hutiwa rangi ya manjano, na alama ya mshale juu ya njia huonyesha mlima mkali. Mishale miwili ni ya mlima mkali zaidi. La pili ni upepo, ambao aghalabu huvuma kutoka kusini-magharibi. Mwenye busara huukabili wakati angali na nguvu, ili umsukume mgongoni arudipo. La tatu ni mchana. Mwezi wa Juni mwanga wa jua hudumu zaidi ya saa 16 katika sehemu hizo, lakini mwezi wa Desemba hazifiki hata 8. Asiye na taa hukutwa na giza njiani kabla ya chai ya jioni. La nne ni ua. Njia nyingi zimezungukwa na miti ya miiba iliyopandwa kwa kushikana, mfano wa michongoma, hata mtu haoni kilicho mbele ya kona. Huenda ikawa trekta, au ng'ombe wakienda kukamuliwa. Mwenda pole hajikwai.

Njia hizo hazikubaki tulivu zenyewe tu. Zamani barabara kuu ya kutoka London kwenda Holyhead ilipita katikati ya Meriden. Sasa magari mengi hufuata barabara ya A45 nje ya kijiji, na kijiji kimepata kupumua. Lakini njia nyingine zimepatwa na shida. Ujenzi wa reli ya HS2, ulioanza rasmi mwaka 2020, ulifanya baadhi ya njia za upande wa Berkswell na Balsall Common zifungwe kwa muda au zipindishwe. Kwa hiyo mgeni hushauriwa kuuliza kwanza, asije akakuta kizuizi mahali ambapo ramani yake yaonyesha njia.

Waendesha baisikeli wa Uingereza walijifunza mapema ya kuwa njia isiyo na mtetezi hupotea. Mwaka 1878 walianzisha chama chao, ambacho tangu mwaka 2016 huitwa Cycling UK. Chama hicho hakikungoja Serikali kwa kila jambo. Kilisimamisha mabango kwenye vilima vya hatari ili kuwaonya wageni. Mwaka 1888 sheria ilitamka ya kuwa baisikeli ni gari miongoni mwa magari ya barabarani, zikafutwa kanuni za wilaya zilizokuwa zikiwazuia. Lakini sheria hiyo hiyo iliwapa wajibu: kuwasha taa usiku, na kumwonya kwa kengele au kwa sauti mtu wanayetaka kumpita. Haki na wajibu zilizaliwa siku moja.

Ndivyo ilivyokuwa hata baadaye. Sheria ya 1949 iliagiza mabaraza ya majimbo yaandike katika ramani njia zote za watu wa miguu na za farasi, maana njia inayokumbukwa na wazee tu huweza kufa pamoja nao. Mwaka 1968 waendesha baisikeli waliruhusiwa kutumia njia za farasi, kwa sharti kwamba wawapishe waendao kwa miguu na wapanda farasi. Na mwaka 2022 kanuni za barabarani zilimwagiza mwenye gari anayempita mwenye baisikeli kwa mwendo usiozidi maili 30 kwa saa amwachie nafasi ya meta moja na nusu, na zaidi ya hiyo akienda mbio.

Mtu akirudi Meriden jioni, mguu umechoka na mnyororo una vumbi, huweza kuegemeza baisikeli yake karibu na nguzo ile na kutazama upande alikotoka. Njia aliyoipita imepitwa na watu wa farasi, wa mikokoteni na wa miguu, nayo ingali wazi kwa sababu kila kizazi kiliitumia, kikaiandika, na kilipolazimika kikaidai. Waliokumbukwa juu ya jiwe hilo waliipenda barabara wakati wa amani kabla hawajaifuata vitani. Ajaye nyuma yao huwaheshimu vema zaidi akipiga kengele penye kona, akimpisha mzee mwenye fimbo, na akifunga lango la shamba alilolikuta limefungwa.