Dharura Isiyokuwa Dharura

Kuna neno moja la fiqhi ambalo limekuwa jepesi mno vinywani mwa watu wetu wa pwani, nalo ni dharura. Kijana akienda masomoni Uingereza, China au India, au akipangiwa shule ya bweni bara, mzazi humwombea dua, kisha humnong'oneza: "Huko, mwanangu, ni dharura. Kula utakachokikuta." Nani aliyempa mzazi huyu fatwa hiyo?

Aya ya 173 ya Sura ya Al-Baqara imeharamisha mfu, damu, nyama ya nguruwe na kilichotajiwa jina la asiyekuwa Mwenyezi Mungu, kisha ikamwondolea dhambi aliyelazimika. Wanavyuoni wamemweleza huyo ni nani: ni mtu anayechelea kufa kwa njaa au kupata dhara kubwa. Basi tuambiwe, ni mwanafunzi gani mwenye maharage, mayai na samaki mbele yake aliyefikia hali hiyo?

Tusiende mbali. Chukueni Nyambureti, wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Kijana wa Tanga akifika huko hajavuka hata bahari, lakini chakula ni kigeni kwake. Kuna ugali wa mtama, wa ulezi na wa muhogo, kuna maziwa, na kuna sato na dagaa wa Ziwa Victoria, ambao hawana haja ya kuchinjwa. Yote halali. Huenda pia akakaribishwa kichuri, chakula kinachosifiwa sana na Wakurya: matumbo yaliyokolezwa kwa uchungu wa majani yaliyomo tumboni mwa mnyama. Hapo asiseme kwamba maadamu mchinjaji ni Mwislamu, yamekwisha. Katika madhehebu yetu ya Shafii, hayo yaliyomo tumboni ni najisi, hata kama mnyama amechinjwa na kadhi. Adabu ni kushukuru na kuomba maziwa, si kukunja uso na kumtukana mwenyeji. Mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulifikia kutoa roho ya mtu. Dini haikututaka hayo.

Huko ng'ambo ndiko zaidi. London bucha za halali zi tele. China vyuo vingi vina mkahawa wa Kiislamu, kwa sababu Wahui ni Waislamu wa nchi hiyohiyo tangu karne nyingi. India kila pakiti ya chakula kisicho na nyama hutiwa alama ya kijani. Kinachohitaji macho ni kile kisichofanana na nyama: peremende na vitamutamu vyenye jelatini, ambayo mara nyingi hutokana na ngozi ya nguruwe.

Wako watakaotujibu kwa aya ya 5 ya Sura ya Al-Maida, kwamba chakula cha waliopewa Kitabu ni halali kwetu. Aya ni ya haki. Lakini haikuhalalisha nguruwe wala mnyama aliyekufa kabla ya kisu kumfikia, na katika machinjio makubwa ya siku hizi kuku hupigwa umeme au hutiwa gesi kwanza. Mwenye shaka ana samaki.

Lakini lawama kubwa si ya kijana, ni yetu. Twamfundisha kusoma Maulidi kwa mahadhi, wala hatumfundishi kuchinja kuku na kumpika. Na mabinti ndio balaa: wanasimama mlangoni na kuku mkononi, wakingoja mwanamume apite njiani! Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba mjakazi wa Kaab bin Malik alimwona mbuzi anakaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja kwalo, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha aliwe. Huyu wa leo mwenye kisu cha chuma anamngoja nani? Kisu kiwe kikali, njia ya pumzi na njia ya chakula zikatwe zote mbili, Bismillahi isomwe. Somo hili halimalizi asubuhi moja.

Basi likizo hii, kabla hamjamnunulia saa na viatu vya safari, kuku wa Ijumaa achinjwe na huyohuyo aliyepangiwa shule, awe mvulana au msichana. Baba asimame kando atazame, na mama amwachie jiko.