Mtu wa kijani na kufuli

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye semina, ghorofa ya nne, katikati ya jiji la Dar. Jengo silitaji, maana pesa za wakili sina na mhariri wangu huwa anapita humu. Semina zetu mnazijua: chupa za maji mezani, vitambulisho shingoni, mgeni rasmi kachelewa saa mbili na akiingia wote tunasimama. Basi bwana, mgeni rasmi hajamaliza hata kusema itifaki imezingatiwa, umeme ukakatika. Jenereta likanguruma huko chini na moshi wa dizeli ukaanza kuingia kupitia madirishani. Mama mmoja akapiga ukelele: "Moto!"

Wote tukaukimbilia mlango mmoja, ule tulioingilia. Watu kama themanini hivi, ngazi moja, na wengine bado wameshikilia sahani za sambusa. Mimi nilikuwa nyuma kabisa karibu na meza ya chai (waandishi mnatujua), na pembeni yangu kulikuwa na mlango mwingine. Juu yake kibao cha kijani kinawaka vizuri kabisa, na yule mtu wake anayekimbia. Nikamshukuru Mungu, nikausukuma. Wapi! Nikatazama chini nikaona mnyororo, na kufuli kubwa la shaba kama la duka la jumla Kariakoo.

Haukuwa moto. Tukacheka, tukarudi kukaa, semina ikaendelea. Wakati wa kutoka nikamfuata mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana wangu."

Nikamuuliza habari ya ule mlango. Hakukasirika wala nini. Akaniambia mwaka jana projekta ilipita hapo ikaenda zake, na yeye ndiye aliyekatwa mshahara. Tangu hapo, kufuli. Funguo anazo nani? Msimamizi. Msimamizi yuko wapi? Kaenda benki.

Nikarudi chumba cha habari nikaandika aya saba za semina, mgeni rasmi aya ya kwanza. Ule mlango sikuupa hata sentensi moja. Ndiyo maana leo nauandika hapa.

Hivi umewahi kujiuliza yule mtu wa kijani katoka wapi? Katoka Japani, na katoka kwenye maiti. Mei 1972 duka kubwa la Sennichi mjini Osaka liliungua, watu 118 wakafa. Moto ulianzia ghorofa ya tatu, lakini wengi waliokufa walikuwa ghorofa ya saba, kwenye ukumbi wa starehe, na kilichowaua zaidi ni moshi. Mwaka uliofuata, Novemba, likaungua duka jingine la aina hiyo, Taiyo, mji wa Kumamoto, wakafa zaidi ya watu 100. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Wajapani wakaitisha shindano la kuchora alama ya mlango wa dharura. Zikaja kazi zaidi ya 3,300! Ukaja kuchukuliwa mchoro uliosimamiwa na mbunifu Yukio Ota, ukarekebishwa, na katikati ya miaka ya 1980 shirika la kimataifa la viwango, ISO, likaukubali. Warusi wa enzi ya Usovieti nao walikuwa na mchoro wao, lakini wa Mjapani ukashinda.

Na ile kijani si urembo. Kwenye viwango hivyo nyekundu ni ya makatazo na vifaa vya zimamoto, kijani ni ya njia salama. Moto wenyewe ni mwekundu, sasa mtu aliyechanganyikiwa umwambie akimbilie taa nyekundu? Wamarekani mpaka leo wengi wanatumia neno EXIT, herufi zisizopungua kama sentimita 15 kwenda juu, na rangi inategemea jimbo na mji uliopo. Wakanada waliamua mwaka 2010 kumwingiza mtu wa kijani kwenye kanuni zao za ujenzi. Nchi yao ina lugha mbili rasmi, na picha haiulizi unaongea ipi.

Hapa najua wapenzi wa Kiswahili mtanirukia. Mtasema tuandike KUTOKEA, au NJIA YA DHARURA, tuachane na Kiingereza. Kuachana na EXIT nakubaliana nanyi. Yule dada anayefagia ofisi yako saa kumi na moja alfajiri ndiye wa kwanza kuukuta moto, na hakuna aliyemuuliza kama EXIT anaisoma. Lakini kwenye moshi hakuna anayesoma chochote, hata profesa wa Mlimani. Wekeni mtu wa kijani, halafu Kiswahili chini yake kwa ajili ya siku ambazo hakuna moto.

Tatizo langu mimi ni kwamba tumekipokea kibao tukaacha kilichokuja nacho. Tena hata kibao kikiwa kizuri na mlango ukiwa wazi, watu hawaendi huko kirahisi. Mwaka 2003 klabu ya The Station kule Rhode Island, Marekani, iliungua watu wakicheza muziki, wakafa 100. Milango ya kutokea ilikuwepo minne. Wengi walirudi kule walikoingilia, wakabanana mlango wa mbele. Sisi siku ile na sahani zetu za sambusa tulifanya hivyo hivyo. Sasa fikiria yule mmoja au wawili wenye akili ya kufuata kibao, nao wakifika wanakutana na mnyororo. Kwa maoni yangu kibao juu ya mlango wenye kufuli ni kibaya kuliko kutokuwa na kibao kabisa. Ukuta mtupu ungeniacha niende na wenzangu. Kile kibao kiliniita.

Mlinzi wangu na projekta yake wala si wa kwanza. Machi 25, 1911, New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua, wafanyakazi 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa funguo. Wenye kiwanda waliogopa wafanyakazi wasitoke na vitambaa. Walipelekwa mahakamani, Desemba mwaka ule ule wakaachiwa.

Na kwetu je? Juni 1994, Shauritanga, Rombo. Wasichana zaidi ya 40 waliungua bwenini usiku. Machi 2001, Kyanguli kule Machakos, wavulana 67, moto wa kuchomwa makusudi, mlango mmoja wa bweni umefungwa na madirisha yana nondo. Mwaka 2008 Wakenya wakatoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na nondo, uwepo mlango wa dharura katikati ya bweni na uandikwe waziwazi. Mwongozo mzuri sana. Septemba 2024, Endarasha, Nyeri, wakafa watoto 21.

Mtaniambia, sasa wezi tuwafanyeje? Ni swali la haki na lina jibu la zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1883 pale Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa ukumbini, na wala hapakuwa na moto. Walikuwa wanateremka mbio kufuata zawadi, chini ya ngazi mlango umekomewa kwa namna ya kupitisha mtoto mmoja mmoja. Baadaye Mwingereza mmoja, Robert Alexander Briggs, akasajili mwaka 1892 komeo la kusukuma: ule upau unaolala katikati ya mlango. Kwa nje mwizi haingii. Kwa ndani unaegemea tu kwa mwili, mlango unafunguka. Ukiogopa projekta kutoka, unaongeza kengele inayolia mlango ukifunguliwa. Ni ghali kuliko kufuli, sikatai. Lakini mwenye jengo aliyeweza kununua lifti na vioo vya bluu asiniambie habari ya bei.

Mkaguzi naye nina neno naye. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunayo tangu 2007, namba ya dharura 114 tunayo. Ninachotaka mimi ni kwamba mkaguzi akifika asitazame juu kuona kama kibao kinawaka. Ausukume mlango. Na aje siku ya kazi saa nne asubuhi, bila kupiga simu kwanza.

Kabla hamjanipigia makofi, nikiri kitu. Mimi naishi Tabata, chumba na sebule. Dirisha lina nondo, mlango una geti la chuma, usiku nafunga kufuli kwa ndani kisha funguo zinabaki mfukoni mwa suruali yoyote niliyovaa. Asubuhi nazitafuta robo saa nzima, tena taa ikiwa inawaka. Jumamosi nilipigilia msumari ukutani karibu na geti, nikazitundika pale, nikajaribu kuzipata gizani. Mara ya tatu nikazipata. Fundi kaniambia nondo za dirisha la chumbani zinaweza kuwekewa bawaba, zifunguke kama kidirisha, komeo likae ndani mbali na mkono wa mtu wa nje. Mwenye nyumba anasema atafikiria. Anaogopa wezi.

Alhamisi nina semina nyingine, jengo lile lile, ukumbi ule ule. Nitausukuma ule mlango kabla sijasaini posho.