Moshi wa Kiangazi na Shahidi Aliye Juu

Kila ifikapo Julai, vilima vya Karagwe hufifia mbele ya macho. Aliyesimama Kayanga akatazama upande wa Mto Kagera haoni ila weupe mzito, na wengi wetu huuita ukungu. Lakini ukungu huondoka jua likipanda. Huu hushinda nasi mpaka Magharibi, na mtoto mwenye pumu huujua kabla ya baba yake.

Ni moshi. Mwingine watoka hapa hapa, Karagwe na Kyerwa, penye nyasi zichomwazo ili malisho yachipue au shamba lisafishwe. Mwingine ni mgeni wa mbali, kwani tangu Juni hadi Septemba huungua nyika za Kongo, Zambia, Angola na magharibi ya nchi yetu, na upepo hauulizi mpaka.

Setilaiti huufuata moshi huo. Katika picha ya mchana, wingu ni jeupe lenye kingo. Moshi ni utando wa kijivu uanzao kwa ncha nyembamba penye moto, kisha ukatanuka uelekeako upepo. Vumbi huchukua rangi ya udongo. Moto wenyewe hutambuliwa kwa joto lake, hata usiku, na shirika la NASA la Marekani huonyesha nukta zake bila malipo katika ramani iitwayo FIRMS, kwa kawaida ndani ya saa tatu.

Hapa ndipo penye hatari, ndugu msomaji. Ugomvi wa mkulima na mfugaji juu ya nani aliyewasha ni wa siku nyingi, na sasa kijana mwenye simu aweza kuleta nukta nyekundu barazani akasema: huyu hapa. Nukta hiyo husimamia mraba wenye upande wa meta 375 hivi, yaani karibu ekari 35. Humo huingia vibanja vya familia ngapi? Shahidi huyu ameona moto, hakumwona mtu. Tena hapiti kila saa: setilaiti zenye picha hizo hupita kwetu baina ya Adhuhuri na Alasiri, kisha usiku wa manane. Aliyewasha jioni, moto ukazimika kabla ya saa sita usiku, huenda asiandikwe popote. Na wingu likitanda, hata moto mkubwa hufichika. Tumekatazwa dhana, na dhana yenye picha bado ni dhana.

Faida yake kwa familia ni nyingine. Mama aonaye asubuhi kwamba upande utokako upepo umejaa nukta na utando, huweka dawa ya pumu karibu, hufunga madirisha, na huwaambia walimu kwamba mwanawe asikimbizwe mchakamchaka siku hiyo.

Vumbi la lori katika barabara zetu za udongo, lile litualo juu ya kahawa iliyoanikwa, ni dogo mno kwa macho hayo. Wala hayapenyi paa. Jiko la kuni lisilo na dirisha halimo katika ramani yoyote, ilhali mtoto yule yule hulala ukuta wa pili. Katika siku za utando, chakula kipikwe uani, mbali na mlango wake.