Mkiniombea, Pikeni Uji Pia

Binti yangu alikuwa na siku 19 jumuiya ilipokuja kutuombea. Ilikuwa Jumatano alasiri, hapa Boito, mvua ya mawe imetoka tu kuyapiga majani chai, na akina mama 11 wakaacha viatu vya mpira mlangoni wakaingia. Tukasali rozari nzima, matendo ya utukufu. Mtoto alianza kulia kwenye tendo la kwanza na hakunyamaza. Alikuwa na njaa. Kila mtu mle ndani alijua ana njaa. Chuchu zangu zilikuwa zimepasuka, kila akinyonya nilikuwa nauma meno, lakini nikaanza kufungua blauzi hivyo hivyo. Mama mmoja akaniinulia mkono: subiri kwanza, tumalize.

Tulipomaliza, mama yule yule akanishika bega. Akaniambia maziwa ni mambo ya imani. Nimkabidhi Mama Maria kila kitu, yatakuja tu. Halafu akashusha sauti: huenda kuna jambo ambalo sijaungama.

Kisha wakanywa chai. Chai niliyoipika mimi.

Wacha niseme mapema ninapotokea, ili mtu asinielewe vibaya. Mimi ni Mkatoliki. Si Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Nikiwa Nairobi nilikuwa naenda Misa ya asubuhi kabla ya kazi, na rozari ya marehemu mama yangu iko chini ya mto wangu hadi leo. Kwa hiyo siandiki haya ili kuwachekesha wale marafiki wa mjini walionitumia ujumbe, "Toka huko, nunua maziwa ya kopo, achana na watu wa rozari." Hao nao nitawafikia. Naandika kwa sababu naamini sala ni kitu kizito, na kinanichoma nikiona inatumiwa kama kisingizio cha kutofanya lolote.

Katika wale 11, mmoja hakuondoka na wenzake. Ni kogo mmoja, mjane, aliyechuma majani maisha yake yote hadi vidole vikapinda. Hakusema neno. Aliosha vikombe. Akafua nguo za mtoto, akaziangika karibu na moto. Akanipikia uji wa wimbi, sufuria nzima, akasimama juu yangu kama askari mpaka nikamaliza. Asubuhi alirudi na bodaboda, pesa amelipa yeye, akatupeleka kliniki.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Siku ile mizani ilisoma 2.9. Watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, lakini kufikia wiki mbili huwa wamerudi kwenye uzito wa kuzaliwa. Wangu alikuwa bado anashuka. Nesi hakuniuliza kuhusu maungamo. Alisema, "Mnyonyeshe nione." Akatazama dakika mbili hivi, akavuta kiti. Mtoto alikuwa anashika ncha ya chuchu tu. Nesi akamgeuza, tumbo kwa tumbo na mimi, akangoja mdomo ufunguke mpana, akamleta kwenye titi na kidevu kikiwa cha kwanza, hadi sehemu kubwa ya weusi ikaingia mdomoni. Kwa mara ya kwanza nikasikia mtoto wangu akimeza. Nililia pale pale, sikuona aibu. Siku kumi baadaye alikuwa na kilo 3.3.

Sasa niambieni, ni nani aliyesali? Wale kumi waliomaliza rozari wakaenda zao, au huyu mmoja aliyeimaliza akaosha vikombe?

Najua jibu nitakalopewa. Nitaambiwa ni rozari ile ndiyo iliyomtuma kogo. Sawa, nakubali, wala sibishani na hilo. Basi iliwatuma wote 11. Kumi walikataa kutumwa.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa imani yangu wanapaswa kulijua kabla ya kumshika mzazi bega. Maziwa yana utaratibu wake. Mwili hutengeneza kadiri mtoto anavyonyonya na kumaliza. Asiponyonya vizuri, mwili unaelewa kwamba hayahitajiki na unapunguza. Na ili yatoke, kuna homoni inaitwa oksitosini ambayo lazima iachiliwe mama anaponyonyesha. Maumivu, hofu, aibu na uchovu huichelewesha. Yaani ukimwambia mama ambaye hajalala siku 19 kwamba ana dhambi iliyofichika, unamzidishia hofu wakati maziwa yanahitaji utulivu. Hata ukiwa na nia njema. Hata ukiwa na rozari mkononi.

Na wapo akina mama ambao hata mtoto akishika vizuri, maziwa hayatoshi, kwa sababu ya ugonjwa au upasuaji au mwili tu ulivyo. Mama huyo akipewa maziwa ya kopo na daktari, hajamkosea Mungu. Anamlisha mtoto.

Wanaopenda kutufundisha imani wafungue Biblia yao kwenye kitabu cha kwanza cha Samweli. Hana ndiye mwanamke anayejulikana kwa kuomba. Aliomba mtoto kwa uchungu mpaka kuhani akadhani amelewa. Akapata mtoto. Mwaka uliofuata, familia ilipokuwa inapanda kwenda kutoa sadaka, Hana alifanya nini? Alikaa nyumbani. Akasema hatakwenda mpaka mtoto aachishwe kunyonya, na mumewe Elkana akakubali. Yule yule aliyesali kuliko wote aliacha hija ili anyonyeshe, na hakuna aliyemwambia imani yake imepoa. Mimi nilikosa Misa Jumapili tatu na katekista akatuma mtu kuuliza kama nimehamia kanisa lingine.

Wafungue pia barua ya Yakobo, sura ya pili. Anauliza faida iko wapi ukimwambia ndugu mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, bila kumpa chochote. Yakobo angekuja Boito angeielewa ile Jumatano bila kutafsiriwa.

Na Mama Maria mwenyewe? Kwenye sanamu zetu amefunikwa buluu toka kichwani hadi miguuni, mikono imekunjwa, utadhani Yesu aliishi kwa hewa. Lakini katika makaburi ya chini ya ardhi ya Priscilla, kule Roma, kuna mchoro wa karne za kwanza za Ukristo wa mwanamke na mtoto akiwa kifuani, na wengi huuona kuwa miongoni mwa picha za kale kabisa za Maria. Wakristo wa mwanzo hawakumwonea haya. Januari 2014, Papa Francis akiwabatiza watoto 32 katika Kanisa la Sistina, aliwaambia akina mama kwamba watoto wakiwa na njaa, wawanyonyeshe pale pale bila wasiwasi. Chini ya ile dari ya Michelangelo! Kama inafaa Vatikani, kwa nini isifae kwenye sebule yangu yenye viti vya plastiki?

Nilisema nitawafikia marafiki wa mjini. Haya, nimefika. Msicheke sana. Mei 2018 wanawake waliandamana katikati ya Nairobi kwa sababu mama mwenzao alisema ameambiwa hotelini ajifunike au atoke, kisa ananyonyesha. Hiyo haikuwa kijijini na hapakuwa na katekista. Tarehe 7 Agosti 2019, Zuleika Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia Bungeni na mtoto wake wa miezi mitano kwa sababu hakuwa na pa kumwacha. Akaamriwa atoke. Ilikuwa siku ya mwisho ya Wiki ya Kunyonyesha Duniani. Mjini hamna dhambi ya kuungama, lakini mna maneno yenu: "si mahali pake", "haileti picha nzuri". Aibu ni ile ile, imevaa suti.

Na hili la "nunua ya kopo" mnalisema kama kwamba kopo linaota kwenye mti. Jirani yangu anachuma majani kwenye shamba la mtu, analipwa kwa kilo. Majani mawili na chipukizi, siku nzima, kikapu mgongoni mahali ambapo mtoto angekaa. Alijifungua miezi miwili kabla yangu. Wiki ya sita alikuwa amerudi shambani, kwa sababu asipochuma halipwi. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo yenye malipo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na muda wa kufanya hivyo. Mweleze hayo mama wa kibarua asiye na barua ya kazi. Anatoka nyumbani giza halijaisha, mtoto anabaki na dada yake wa miaka tisa na chupa ya maziwa ya ng'ombe yaliyoongezwa maji. Jioni matiti yamejaa yanauma, blauzi imelowa, na mtoto ameshalala.

Huyu ndiye mwanamke anayesali kuliko wote ninaowajua. Anasali akichuma. Namsikia, Salamu Maria baada ya Salamu Maria kwenye mistari ya chai. Kwa hiyo mkiniambia maziwa ni imani, nitawauliza: yake yamekauka kwa nini? Hakukosa imani. Alikosa saa. Alikosa mtu wa kumshikia kikapu saa nne na saa saba, na mwenye shamba wa kumwambia njoo na mtoto, kuna kivuli pale. Yule mwenye shamba hukaa benchi la mbele kanisani. Sijawahi kusikia mahubiri yakimgeukia.

Shirika la Afya Duniani linasema miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, halafu kuendelea na vyakula vingine hadi miaka miwili au zaidi. Tunaimba wimbo huo kliniki kila mwezi. Miezi sita ni ya nani kama wiki ya sita umeshabeba kikapu?

Sijaacha kusali. Ile wiki mbaya, saa tisa usiku, ndiyo iliyonishikilia. Sikuwa na simu ya kuangalia dakika, nilikuwa nimeizima nisisome ushauri wa watu. Nikawa napima kwa rozari ya mama: makumi mawili titi la kushoto, makumi mawili la kulia. Mara nyingine nililala katikati ya Salamu Maria na kuamka nimesahau niko ya ngapi. Sikuomba maziwa tena. Niliomba nisimchukie mtoto anayeniuma, na nisimchukie yule mama wa jumuiya. La kwanza nilipewa upesi. La pili bado tunaliongelea, mimi na Mungu. Maziwa yaliletwa na nesi, na uji, na kogo. Sala ilinifanya niwe macho yalipofika.

Kwa hiyo nina maombi kwa kigango chetu, na si ya kupiga magoti. Wekeni kiti chenye egemeo mbele, si nje karibu na choo, cha mama anayenyonyesha. Mtoto akilia wakati wa rozari, rozari ingoje. Jumuiya ikienda kwa mzazi, kila mtu abebe kitu: unga, kuni, sabuni, masaa mawili ya kumshikia mtoto mama alale. Chai wapike wageni. Na padre siku moja ahubiri kuhusu kivuli na saa nne ya mapumziko, mwenye shamba akiwa amekaa pale pale benchi la mbele.

Jumatano hii jumuiya inakwenda kwa mzazi mwingine, msichana wa miaka 20, mtoto wake wa kwanza. Kogo amesema tutangulie saa moja kabla ya wengine. Nimeshasaga wimbi.